Nilichezea kibodi, nusura kijana wa watu akose Qatar!

Msomaji wangu, kabla hatujaenda mbali fanya jaribio dogo. Kama una kompyuta karibu, andika neno "barabara" kwa vidole vyote kumi, kama wanavyofundishwa wahazili. Umemaliza? Haya, niambie mkono wako wa kulia umefanya kazi gani.

Haukufanya kitu! Ulikaa tu kama bwana shamba anasubiri chai. Herufi zote nane za "barabara" ziko upande wa kushoto wa kibodi, na nne kati ya hizo ni A. Na hiyo A, wajameni, inagongwa na kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto, kile kidogo kabisa ambacho hata kubeba kikombe kinasaidia tu kiaina.

Sasa fikiria Kiswahili chetu kilivyojaa A. "Jamhuri ya Muungano wa Tanzania" peke yake ina A saba. Mtu anayechapa Kiswahili kutwa nzima anakitwanga kidole hicho mtindo mmoja, asubuhi mpaka jioni. Nayajua haya kwa sababu changu kiligoma.

KIDOLE CHAGOMA

Kazi yangu ni kuchapa kwenye steshenari moja hapa Dar, jirani na chuo. Wanachuo wanaleta ripoti za utafiti zilizoandikwa kwa mkono, wazee wanaleta barua za madai, vijana wanaleta barua za maombi ya kazi. Bosi hulipa kwa ukurasa. Hujachapa, hujala. Ndiyo maana kidole kilipoanza kuuma sikumwambia mtu. Nilikifunga plasta, nikaendelea.

Wiki ya pili maumivu yakapanda mpaka kwenye kiwiko. Usiku nikawa nalala nimeuweka mkono juu ya mto kama mgonjwa wa wodini. Nikaanza kuchapa A kwa kidole cha shahada, yaani mkono mzima unahama kwenda kuitafuta herufi moja. Kurasa zikapungua. Mfuko nao ukapungua.

Mtu wa kwanza kugundua alikuwa mama mdogo. Huyu mama ni mhazili mstaafu. Alisoma enzi za taipureta za chuma, akafaulu hatimkato, akapiga maneno hamsini kwa dakika bila kutazama vidole. Siku hiyo alikuja kutoa kopi ya kitambulisho, akakaa kwenye benchi akinitazama. Baada ya muda akaguna.

"Mwanangu, mkono wako unasafiri kuliko daladala."

"Kivipi, mama?"

"Nakuhesabia hapa. Unaandika mstari, unakwenda kwenye mausi. Unarudi. Unakwenda kwenye mishale kule pembeni. Unarudi. Unakwenda kufuta. Sisi tulikuwa tukiambiwa vidole vina nyumbani kwao, na mtu wa heshima halali nje."

Hapo nyumbani anapopasema ni mstari wa katikati: A, S, D, F upande wa kushoto, na J, K, L na nukta-mkato upande wa kulia. Pitisha kidole juu ya F na J, utagusa kijistari kilichoinuka. Kipo ili vidole vya shahada vijue njia ya kurudi hata gizani.

NANI ALIZIPANGA HIVI?

Nilirudi nyumbani nikiwa na swali moja tu. Kwa nini herufi zimepangwa shaghalabaghala namna hii?

Chimbuko lake ni mji wa Milwaukee, Marekani. Christopher Latham Sholes na wenzake walipata hataza ya mashine yao ya kuchapa mwaka 1868. Mwaka 1873 kampuni ya Remington, iliyokuwa maarufu kwa kutengeneza bunduki, ikachukua kazi ya kuiunda, na mwaka 1874 mashine ikaingia sokoni. Mpangilio wa QWERTY tunaoutumia leo umetokana na mashine za ukoo huo. Watu bado wanabishana kwa nini herufi zilikaa hivyo. Jambo moja halina ubishi: waliozipanga hawakuwa wakifikiria Kiswahili.

Angalia mwenyewe. Mstari wa nyumbani una irabu moja tu, ambayo ni A. Ukibaki hapo unaweza kuandika dada, kaka, lala, shaka na jalada, kisha ukwama. E, U, I na O zote ziko mstari wa juu. Na kwa kuwa maneno yetu karibu yote huishia na irabu, vidole vinapanda ghorofani kila mara. Q na X ndizo usiseme. Kiswahili sanifu hakina kazi nazo kabisa, lakini zimepewa viwanja vyao kama wenye mji.

Mikono nayo haigawani kazi sawasawa. Darasa, baraza na barabara ni za kushoto tupu. Mkono, mkopo, milioni na mlipuko ni za kulia tupu. Jaribu, utacheka.

NIKAINGIA KWA DVORAK

Mshikaji wangu mmoja, fundi wa kompyuta, akaniambia dawa ipo. Inaitwa Dvorak. Ni mpangilio uliobuniwa na Profesa August Dvorak wa Chuo Kikuu cha Washington akishirikiana na William Dealey, ukapata hataza mwaka 1936. Kompyuta nyingi zinao tayari ndani. Unaingia kwenye mipangilio ya lugha na kibodi, unauchagua, basi.

Nilipouona nilishangilia. Irabu zote tano ziko mstari wa nyumbani, chini ya mkono wa kushoto! Konsonanti nyingi ziko kulia. Lugha yetu inakwenda konsonanti-irabu, konsonanti-irabu, kwa hiyo mikono inapokezana kama watu wawili wanaotwanga kinu kimoja. Nikasema huyu profesa angekuwa Mswahili.

Lakini furaha haikudumu. Kwanza, A haijahama, bado iko chini ya kidole kilekile kigonjwa. Katika Dvorak ni A na M tu, kati ya herufi zote, zinazobaki pale zilipo kwenye QWERTY. Pili, K, ambayo kwetu ni mfalme, imewekwa mstari wa chini upande wa kushoto, kwa hiyo ka, ke, ki, ko na ku zote zinaangukia mkono uleule. Tatu, vidole vilivyozoea njia moja kwa miaka havihamishwi kwa wiki moja. Siku ya kwanza nilichapa kurasa mbili. Mbili, kutwa nzima!

Kioja kikatokea siku ya nne. Nilitoka kwenda kula nikasahau kuirudisha kompyuta kwenye QWERTY. Bosi akaja kuandika "risiti". Kikatoka "pcocyc". Akafuta, akaandika tena. "Pcocyc." Niliporudi alikuwa ameng'oa waya wa intaneti, jasho linamtoka, anawaambia wateja mashine imeingiwa na virusi. Ikabidi nikiri. Dvorak ikaishia siku hiyo.

Upo mpangilio mwingine mpya zaidi uitwao Colemak, uliotolewa na Shai Coleman mwaka 2006. Huo unaziacha Z, X, C na V mahali pake ili kunakili na kubandika kusikuchanganye, na mstari wake wa nyumbani una A, E, I, O na hata N. Kwa anayeanza leo na mwenye kompyuta yake peke yake, ningemwambia aujaribu. Kwenye mashine ya kuchangia, mtaumizana.

NIKABADILISHA VITU VITATU TU

Mama mdogo aliposikia habari ya pcocyc alicheka mpaka akajifuta machozi. Kisha akasema neno lililonitoa usingizini: "Usihame nyumba kwa sababu ya mlango mmoja. Rekebisha mlango."

Kwa ruhusa ya bosi, nikapakua programu mbili za bure za Windows. Ya kwanza ni PowerToys, ya Microsoft wenyewe, ambayo ndani yake mna sehemu ya kubadilisha kitufe kimoja kifanye kazi ya kingine. Ya pili ni AutoHotkey, ambayo unaiandikia maagizo kwenye faili la kawaida, mstari mmoja kwa kila amri.

Badiliko la kwanza: mishale. Nikaagiza kwamba nikishika Alt ya kushoto, basi I iwe mshale wa juu, K wa chini, J wa kushoto na L wa kulia. U inanipeleka mwanzo wa mstari, O mwisho wake. Mkono wa kulia hauondoki nyumbani tena.

Nikiri kosa hapa. Mwanzoni niliiweka kazi hiyo kwenye Caps Lock, kama wafanyavyo wengi. Mama mdogo akaniuliza, "Sasa huyo mgonjwa umempunguzia mzigo au umemwongezea?" Kweli bwana! Caps Lock inashikwa na kidole kilekile kinachouma. Nikahamia Alt, ambayo kidole gumba kinaifikia. Gumba ndicho kidole chenye nguvu kuliko vyote, na kwenye kibodi kazi yake ni kugonga nafasi tu.

Badiliko la pili: Caps Lock yenyewe nikaizima kabisa. Kumbe kitufe hiki ni mhamiaji pale kilipo. Kwenye kompyuta ya kwanza ya IBM PC ya mwaka 1981, jirani wa A alikuwa Ctrl. Katikati ya miaka ya 1980 IBM ilipoleta kibodi yake kubwa, Ctrl ikasogezwa kona ya chini na Caps Lock ikapewa kiwanja kizuri. MATOKEO YAKE NDIYO HAYA, unashtuka ukurasa mzima umepiga kelele. Mimi sasa nikitaka herufi kubwa natumia Shift, yatosha.

Badiliko la tatu ndilo lililonipa raha kuliko yote: vifupisho. Wewe unazijua barua zetu. Hakuna barua ya Kitanzania isiyo na "Husika na kichwa cha habari hapo juu". Hiyo ni migongo 36 ukihesabu na nafasi. Mimi nikagonga "hkh" na nafasi, sentensi nzima inajitokeza yenyewe. "Jmt" ni Jamhuri ya Muungano wa Tanzania, migongo 31 na A saba zimeokolewa. "Wmk" ni Wako mtiifu katika ujenzi wa taifa. Nikatengeneza kama thelathini hivi. Siri yake ni kuchagua kifupisho ambacho si neno. Ukiweka "kama" au "wa" umejiua mwenyewe.

Baada ya wiki mbili mkono ulikuwa umetulia. Nikalala usingizi wa mtoto.

KIBURI SI MAUNGWANA

Ningeishia hapo leo nisingekuwa na hadithi. Lakini mtu akionja asali huchonga mzinga.

Niliitazama ile Q iliyokaa bure pale juu, halafu nikamtazama ng'ombe. Naam, ng'ombe. Na ng'ambo, na king'amuzi, na kung'oa. Kila mara N, G, kisha safari ya kidole kidogo cha kulia kwenda kutafuta ile alama ya juu. Nikasema, kwa nini Q isifanye kazi? Nikaagiza: q ndogo iandike ng', na Q kubwa iandike Ng'. Nikagonga mara moja, "ng'ombe" akatoka safi. Nilijiona mvumbuzi. Nilijiona Sholes wa Mwenge.

Ijumaa moja mchana akaja kijana, dereva wa lori, ameloa mvua. Alipata kazi nje na alihitaji barua kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa, amwandikie utambulisho wa kupelekea maombi ya pasipoti. Wenzake walikuwa wanakwenda Uhamiaji Jumatatu asubuhi na yeye hakutaka kuachwa. Foleni mbele yangu watu sita. Nikachapa kwa mbwembwe, hkh, jmt, wmk, dakika chache tu barua tayari. Sikuisoma. Akalipa, akakimbia.

Saa kumi na moja jioni akarudi. Hakuwa amekasirika. Bora angekasirika. Aliiweka barua mezani kimya, akanionyesha kwa kidole: "Natarajia kusafiri kwenda nchini Ng'atar kwa kazi ya udereva."

Na chini tena: "Mwajiri wangu wa Ng'atar."

Mwenyekiti alikuwa ameisoma kwa sauti mbele ya watu waliojaa ofisini. "Ng'atar ndiyo wapi, kijana? Unakwenda kuendesha gari au kung'atwa?" Watu wakaangua kicheko. Akaambiwa akarekebishe, na aliporudi barabarani ofisi ilikuwa inafungwa.

Msomaji, nimewahi kuona aibu maishani, lakini ile ilikuwa ya aina yake. Mtu ameuza pikipiki yake kugharamia safari, ananiamini mimi na herufi tano, nami nimempa mnyama asiyejulikana. Nilitaka kulaumu mashine, mdomo ukakataa. Mashine ilifanya nilichoiagiza.

Nilichapa upya bila kudai hata senti. Nikaisoma mara tatu, mara ya tatu kwa kidole kama mtoto wa darasa la kwanza. Jumatatu alfajiri nikaenda naye mwenyewe mpaka mlangoni kwa mwenyekiti. Nikamsalimia, shikamoo mzee, nikamweleza kwamba kosa ni langu. Alinitazama, akaitazama barua, akasema, "Kwa hiyo wewe ndiye Ng'atar." Akaandika, akagonga muhuri. Kijana akawahi wenzake. Mimi jina hilo bado ninalo pale mtaani.

UKITAKA KUJARIBU

Q niliirudisha siku ileile. Haya ndiyo niliyobaki nayo, yachukue kama ya mtu aliyechomwa.

Kwanza, usiguse herufi. Gusa vitufe vinavyokukera visivyo na kazi, au shika kitufe kimoja pamoja na kingine. Herufi utaihitaji siku usiyotarajia, kwenye jina la mtu, la nchi, au kwenye nywila. Tena kumbuka programu hizi zinaanza kazi ukishaingia ndani ya kompyuta. Pale unapoandika nywila ya kuingilia, kibodi ni ileile ya zamani.

Pili, kabla ya kupakua chochote, jifunze vilivyomo tayari. Ctrl na mshale inakurusha neno zima. Ctrl na kitufe cha kufutia inafuta neno zima. Ndani ya Word, Shift na F5 inakurudisha mahali ulipofanya badiliko la mwisho. Hayo ni ya bure, na yapo kwenye kompyuta ya mtu yeyote utakayoazima.

Tatu, kama huna kompyuta, vifupisho hata kwenye simu vipo. Kwenye mipangilio ya kibodi tafuta kamusi binafsi au ubadilishaji wa maandishi.

Nne, pima. Chapa dakika tano, hesabu migongo yote, gawa kwa tano upate maneno, gawa tena kwa tano upate mwendo wa dakika moja. Mimi nilianza na migongo 850, yaani maneno 34 kwa dakika. Baada ya mwezi nikafika 975, yaani 39. Unaona ni ongezeko dogo? Faida kubwa iko kwenye kusahihisha, kwa kuwa mkono hausafiri tena, na iko kwenye kidole kisichouma. Na kama chako kinakufa ganzi au maumivu hayaishi ukipumzika, hiyo si kazi ya kibodi wala ya gazeti. Nenda kwa daktari.

Tano, soma ulichochapa. Mama mdogo anasema kwenye taipureta kosa moja lilikuwa linakugharimu ukurasa mzima, ndiyo maana walisoma. Sisi kosa linafutika kwa sekunde, ndiyo maana hatusomi.

Juzi nimepokea ujumbe wa sauti kwenye simu. Ni yule dereva, yuko Doha, nyuma yake naisikia honi ya lori. Anasema kazi inakwenda vizuri, joto ni la kufa mtu, na kwamba mpaka sasa hajang'atwa.